Watu Wembamba kwenye DVD: Jinsi ya Kurekebisha Umbo la Picha Kabla ya Kuchoma

Maswali huwa ni yale yale. Kwa nini video ya harusi iko sawa kwenye kompyuta, lakini kwenye TV bibi harusi amekuwa mwembamba? Kwa nini nilichochukua kwa simu kimepanuka hadi sura hazijulikani? Kwa nini picha ina weusi pande zote nne na yenyewe imebaki ndogo katikati?

Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa ajili ya wewe unayefanya kazi ya video magharibi mwa Kenya: Kakamega, Mbale, Busia, Siaya au Kisumu. Huku DVD bado zinaulizwa. Kwaya inataka nakala za kuuza nje ya kanisa baada ya ibada. Familia inataka matanga ya mzee kwenye diski ambayo nyanya ataitia kwenye deki mwenyewe bila kuomba mtu bando. Na kuna wajukuu ambao sura ya babu yao wataijua kupitia diski hiyo tu. Ukimkabidhi mteja sura iliyovutwa, umempa sura ya mtu mwingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "watu hawaoni tofauti." Wanaiona, ila wanashindwa kusema kasoro iko wapi.

Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye kichomaji cha DVD, cha ndani au cha kuchomeka kwa USB. Laptopu yenye betri nzima ni bora zaidi, maana stima ikipotea katikati ya kuchoma, diski hiyo ni ya kutupa.
- Faili asili kutoka kwa kamera au simu, ulizozihamisha kwa waya au kwa kadi. Usipokee video kwa WhatsApp kisha uitie kwenye DVD. Kwa kawaida itakuwa imepunguzwa tayari, na hakuna hatua hapa chini itakayorudisha kilichopotea.
- DVD-RW moja (inayofutika na kuandikwa tena) ya majaribio, na DVD-R (zinazoandikwa mara moja tu) za nakala za mwisho. Deki za zamani kwa kawaida husoma DVD-R bila matatizo.
- Programu hizi, zote za bure: VLC ya kutazamia, MediaInfo ya kusoma habari za faili, ffmpeg ya kugeuza video, DVDStyler ya kupanga DVD na menyu yake. Kwenye Windows ongeza ImgBurn ya kuchoma.
- Deki na TV, pamoja na rimoti ya deki. Rimoti nyingi zimepotea zamani, na bila rimoti huwezi kufika kwenye mipangilio ya deki. Azima.
- Rula. Utaona kazi yake.

Nadharia, kidogo tu

Kenya tunatumia mfumo wa PAL: fremu 25 kwa sekunde, na fremu kamili ya DVD ina pikseli (nukta za picha) 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Hizo 720 kwa 576 ni zile zile, iwe video ni pana ya kisasa (16:9) au ya umbo la TV za zamani (4:3). Kinachozitofautisha ni alama ndogo iliyoandikwa ndani ya video, inayoiambia deki: hii itandaze iwe 16:9, au hii iwe 4:3. Fremu ya 16:9 ikitandazwa inakuwa sawa na 1024 kwa 576. Ya 4:3 inakuwa sawa na 768 kwa 576.

Basi umbo likiharibika, kosa liko mahali pamoja kati ya matatu: picha ilibanwa vibaya wakati wa kugeuza, alama inasema uongo, au deki na TV zimepangwa vibaya. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni wapi. Wengi wanaanza kwa kuchoma upya, na wanapoteza diski tano kwa tatizo ambalo lingeisha kwa rimoti.

Hatua ya 1: Pima kosa kwa rula

Tafuta ndani ya video kitu cha mviringo kinachoitazama kamera moja kwa moja: sahani mezani iliyopigwa kutoka juu, saa ya ukutani, gurudumu la matatu likionekana ubavuni, au uso wa ngoma ya isukuti mpigaji anapoigeuzia kamera. Kitu kilichoinama hakifai, kwa sababu huonekana kama yai hata picha ikiwa sawa.

Simamisha picha kwenye TV. Weka rula kwenye skrini, pima upana wa mviringo, kisha kimo chake. Gawanya upana kwa kimo.

- Jibu likiwa karibu na 1, umbo ni sahihi. Acha.
- Likiwa karibu na 0.75, video ya 16:9 inaonyeshwa kama 4:3. Watu ni wembamba na warefu.
- Likiwa karibu na 1.33, video ya 4:3 inaonyeshwa kama 16:9. Watu ni wanene na wafupi.
- Likizidi 3, video ya simu iliyosimama wima imevutwa ijaze skrini yote pana.
- Ukiwa unatazama kwenye kompyuta na ukapata karibu na 0.70, programu unayotazamia imepuuza alama na inaonyesha 720 kwa 576 ghafi. Faili yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Ifungue kwa VLC uhakikishe.

Kwa mfano, ngoma ikiwa na kimo cha sentimita 20 kwenye skrini na upana wa sentimita 15, huna haja ya kubahatisha tena. Hiyo ni 16:9 iliyosomwa kama 4:3.

Kama video haina mviringo wowote, tengeneza wako. Fungua Paint, weka ukubwa wa 1024 kwa 576, chora duara huku umeshikilia kitufe cha Shift ili liwe duara kamili, hifadhi, kisha utie picha hiyo kwa sekunde kumi mwanzoni mwa diski ya majaribio. Ukitengeneza DVD ya 4:3, tumia 768 kwa 576.

Hatua ya 2: Kagua deki na TV kabla ya kugusa faili

Tia kwenye deki hiyo hiyo diski nyingine ya 16:9 unayoijua kuwa ni nzima. Nayo ikitoka na watu wembamba, kosa si lako.

Bonyeza "Setup" kwenye rimoti ya deki, tafuta "TV Type", "TV Display" au jina linalofanana na hayo. Utakuta chaguo tatu:

- 16:9 au Wide: hii ndiyo ya TV pana za sasa.
- 4:3 LB: ya TV za zamani zenye mgongo mkubwa. Picha pana inaonyeshwa yote, na weusi juu na chini.
- 4:3 PS: ya TV za zamani pia, lakini picha inaweza kukatwa kushoto na kulia ijaze skrini.

Kisha shika rimoti ya TV. Tafuta kitufe kinachobadilisha umbo la picha, na uchague "16:9" au "Auto". Usiache "Zoom". Kama deki imeungwa kwa ule waya wa njano badala ya HDMI, usiitegemee sana "Auto", kwa sababu mara nyingi habari ya umbo haifiki kwenye TV na inabidi uchague mwenyewe.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni hili: familia imenunua TV mpya ya bapa lakini deki ni ile ya zamani, bado imepangwa 4:3. Diski nzuri kabisa inaonekana mbovu. Ukipeleka kazi nyumbani kwa mteja, chukua dakika moja upange deki yake. Utajiokoa na simu za lawama.

Hatua ya 3: Soma faili zako moja moja

Fungua kila faili kwa MediaInfo. Kwenye VLC unaweza kubonyeza Ctrl na J na kupata sehemu kubwa ya habari hizo. Andika mambo matatu: upana na kimo, umbo la kuonyeshwa ("Display aspect ratio"), na kama kuna mzunguko ("Rotation").

Utakutana zaidi na hizi:

1920 kwa 1080, umbo 16:9. Kamera za sasa na simu iliyolazwa. Hii haina shida.

1920 kwa 1080 yenye mzunguko wa nyuzi 90. Ni video ya simu iliyosimama wima. Simu huandika picha ikiwa imelala, kisha huongeza alama ya kusema "igeuze." Programu isiyosoma alama hiyo itakupa watu waliolala ubavu.

1440 kwa 1080, umbo 16:9. Hizi hutoka kwenye kamera za HDV (za HD zinazorekodi kwenye kanda) na baadhi ya kamera nyingine za video, na bado ziko mikononi mwa wapiga video wengi wa harusi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukigawanya 1440 kwa 1080 unapata 4:3, kwa hivyo unadhani video ni ya 4:3. Sivyo. Pikseli zake ni pana, na picha ni 16:9. Amini mstari wa umbo la kuonyeshwa, si hesabu ya pikseli.

720 kwa 576, umbo 4:3. Kanda za zamani za VHS au MiniDV zilizoingizwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 4: Amua umbo moja la diski

Diski ichukue umbo la sehemu kubwa ya video. Siku hizi hilo ni 16:9 karibu kila mara. Diski ya kanda za zamani tupu iache 4:3, usiivute iwe pana ili "ionekane ya kisasa." Ukifanya hivyo umemnenepesha kila mtu kwa theluthi moja.

Kama una mchanganyiko, kwa mfano harusi ya mwaka huu pamoja na vipande vya kanda ya harusi ya wazazi, chagua 16:9 na uzipe zile za 4:3 weusi kushoto na kulia. Kanuni ninayoishikilia ni moja: ukikosa picha ya kujaza nafasi, jaza kwa weusi. Usivute.

Mteja atalalamika kwamba weusi "unakula TV." Mwonyeshe zote mbili kwa dakika moja, yenye weusi na iliyovutwa, huku akitazama sura ya mtu anayemjua. Mjadala unaishia hapo.

Video ya simu iliyosimama wima inahitaji uamuzi wake. Ndani ya fremu pana ya 1024 kwa 576, itachukua upana wa 324 tu, yaani chini ya theluthi moja. Waweza kuiacha katikati ya weusi, au kuweka nyuma yake nakala yake yenyewe iliyokuzwa na kutiwa ukungu, jambo ambalo programu nyingi za kuhariri zinalifanya. Kwa sherehe ukungu unapendeza. Kwa mazishi mimi huacha weusi mtupu, kwa sababu kile kinachotembea nyuma kinavuta jicho kutoka kwa anayezungumza. Usikate juu na chini ili ijae skrini. Kwenye video ya wima, kinachokatwa ni vichwa na miguu.

Kama unahariri kwanza, panga mradi wako uwe 1920 kwa 1080, fremu 25, na kila kipande ukitie kwa chaguo la kukitosheza ndani ya fremu, si la kukivuta kijaze. Toa faili moja ya 1920 kwa 1080. Acha ubanaji wa kwenda 720 kwa 576 ufanyike mara moja tu, katika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Geuza video iwe ya DVD

DVDStyler inaweza kugeuza yenyewe, na kwa faili ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inatosha. Lakini kwa video za wima, za 1440 na za mchanganyiko, napendelea ffmpeg, kwa kuwa unaona wazi kila kinachofanyika kwenye picha. Usiogope dirisha jeusi la maandishi. Ni mstari mmoja unaounakili.

Weka faili kwenye folda moja, fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows) ndani ya folda hiyo, kisha andika hivi vyote katika mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=iw*sar:ih,setsar=1,scale=1024:576:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1024:576:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,scale=720:576,setdar=16/9" -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg

Badala ya harusi.mp4 weka jina la faili yako. Mstari huo unafanya hivi. Kwanza unanyoosha pikseli ziwe mraba, na hapo ndipo ile 1440 kwa 1080 inapopona. Halafu unapunguza picha itoshee ndani ya 1024 kwa 576 bila kuvuta upande wowote. Kisha unajaza weusi panapobaki. Mwisho unabana yote iwe 720 kwa 576 na kuandika alama ya 16:9. Video yenye mzunguko ffmpeg huigeuza yenyewe. Kwa hiyo, kwa upande wa umbo, mstari huo huo mmoja unafaa kwa simu ya wima, simu ya kulala, kamera ya HDV na kanda ya 4:3 inayoingia kwenye diski ya 16:9.

Kwa diski ya 4:3 ya kanda iliyoingizwa ikiwa 720 kwa 576, usibadilishe ukubwa wala usijaze kitu. Alama tu:

ffmpeg -i kanda.avi -target pal-dvd -aspect 4:3 -flags +ilme+ildct kanda.mpg

Picha ya kanda za zamani imefumwa kwa makundi mawili ya mistari yanayopokezana. Ukibadilisha kimo cha 576, kila kinachotembea kitaota meno pembeni. Upana waweza kuguswa, kimo kiache.

Neno kuhusu urefu wa video. Amri hiyo inatumia kilobiti 6000 kwa sekunde za picha, na DVD ya kawaida ya GB 4.7 inabeba takriban saa moja na nusu hivyo. Harusi ya saa mbili itazidi. Ongeza -b:v 4500k baada ya pal-dvd, nayo itaingia. Zaidi ya hapo gawa kwenye diski mbili. Kwaya yenye mavazi ya rangi nyingi na watu wanaoruka huharibika haraka ukiibana sana. Na usishangae Windows ikikuambia diski tupu ina GB 4.38. Ni diski ile ile, inahesabu kwa njia nyingine.

Hatua ya 6: Tazama faili ya .mpg kabla ya kwenda mbele

Ifungue kwa VLC. Usibonyeze kitufe cha A, maana kinabadilisha umbo la kutazamia na kitakudanganya. Kama umekibonyeza, endelea kukibonyeza hadi kirudi kwenye umbo la kawaida.

Rudia kipimo cha rula kwenye skrini ya kompyuta. Kisha fungua faili kwa MediaInfo: lazima isome 720 kwa 576, umbo 16:9 (au 4:3 ulikochagua hilo), fremu 25. Kitu kimoja kisipolingana, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 7: Panga DVD na menyu

Fungua DVDStyler. Kwenye dirisha la mradi mpya chagua PAL, na umbo lile lile uliloamua hatua ya 4. Dirisha hili watu hulipita haraka wakibonyeza sawa, wakaacha 4:3 au NTSC iliyokuwapo. NTSC ni ya Marekani na ina mistari 480. TV ya zamani ya PAL inaweza kuionyesha bila rangi au ikipandapanda.

Buruta faili yako ya .mpg hadi chini. Fungua sifa zake na uhakikishe programu imesoma umbo sahihi. Kama ulitia faili ya simu moja kwa moja bila kupitia ffmpeg, hakikisha chaguo la kudumisha umbo, "Keep aspect ratio", limewekwa alama.

Ukitaka sehemu za 4:3 zibaki 4:3 kwenye diski moja na za 16:9, usizichanganye katika kundi moja la video. DVD inataka kila kundi, "Titleset", liwe na umbo moja. Ongeza kundi la pili na uzitie humo. Ukizilazimisha pamoja, nusu ya diski itatoka imevutwa. Kwa kazi za kila siku, kujaza weusi ni rahisi zaidi.

Majina ya watu, tarehe na vitufe vya menyu viweke mbali na ukingo. TV za zamani hula pembe za picha. Kwenye mradi wa 1920 kwa 1080 mimi huacha pikseli 192 kila ubavu na 108 juu na chini bila maandishi yoyote. Jina la marehemu lililokatwa herufi ya kwanza ni aibu isiyofutika.

Mwisho, badala ya kuchoma papo hapo, toa faili ya ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja.

Hatua ya 8: Choma ya majaribio, kisha nakala

Choma ISO kwenye DVD-RW. Itie kwenye deki, si kwenye kompyuta, na upime duara kwa rula kwenye TV. Kama una TV pana na ile ya mgongo, jaribu zote mbili. Deki nyingine za zamani hazisomi DVD-RW kabisa. Hilo likitokea, toa DVD-R moja kafara.

Ikipita, choma nakala zote kutoka kwa ISO hiyo hiyo. Kwenye ImgBurn chagua kasi ya chini, 4x ikiwa diski inaikubali, na uache programu ihakiki diski baada ya kuchoma. Usihariri kitu kati ya majaribio na nakala, hata herufi moja ya menyu. Ukihariri, jaribu upya.

Kama unarekodi ngoma za utamaduni, weka pia faili asili kwenye diski ngumu ya nje. Densi ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na rekodi zenu za Khayega na Malinya ni sehemu ya ulinzi huo. DVD ni ya kutazama. Faili asili ndiyo kumbukumbu.

Shida na tiba

*Video iko sawa, menyu imebanwa.* Menyu ina alama yake yenyewe. Rekebisha umbo kwenye mipangilio ya mradi, na picha ya nyuma ya menyu itengeneze upya kwa 1024 kwa 576.

*Weusi pande zote nne.* Kwanza deki: ikiwa ni 4:3 LB kwenye TV pana, ibadilishe iwe 16:9. Ikibaki vile vile, weusi umo ndani ya video yenyewe, mtu aliutia wakati wa kuhariri. Utafute hivi:

ffmpeg -ss 60 -i harusi.mp4 -t 20 -vf cropdetect -f null -

Itakuandikia neno crop= na namba nne. Nakili neno hilo na namba zake, uliweke mwanzo kabisa wa ile orodha iliyo ndani ya alama za kunukuu katika amri ya hatua ya 5, likifuatiwa na mkato. Lipime sehemu yenye mwanga wa kutosha. Kwenye ukumbi wenye giza linaweza kudhani ukuta ni weusi wa kukatwa.

*Picha imejaa skrini, lakini vichwa vimekatwa.* TV iko kwenye "Zoom". Pande zikikatwa badala ya juu, deki iko kwenye 4:3 PS.

*Watu wamelala ubavu.* Alama ya mzunguko haikusomwa. Pitisha faili kwenye ffmpeg kwanza, ndipo uitie DVDStyler.

*Kwenye deki moja ni sawa, kwenye nyingine ni vibaya.* Diski yako ni nzima. Panga ile deki nyingine.

*Mdomo na sauti havilingani kadiri video inavyoendelea.* Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka. Geuza kila kipande kiwe fremu 25 kabla ya kukihariri, si baada ya kuhariri.

*Nimefuata yote, deki inasema haisomi diski.* Hilo si tatizo la umbo. Angalia kama ulichoma ISO yenyewe ikiwa faili ndani ya diski badala ya kuichoma kama picha ya diski. Ukiifungua diski kwenye kompyuta lazima uone folda ya VIDEO_TS. Ukiona faili moja tu yenye mwisho wa .iso, rudi ImgBurn na uchague "Write image file to disc".

*Mteja hana muda, anaitaka leo.* Muulize kama deki yake ina mlango wa flashi na inacheza MP4. Baadhi zinacheza, baadhi zinataka aina nyingine ya faili, kwa hivyo ijaribu kwenye deki yenyewe akiwapo. Ikikubali, mpe kwenye flashi leo. DVD atazifuata kesho zikiwa zimepimwa.